Jicho la Kushoto la Kaka Yako

Karakana ya Mageti na Madirisha,
Nyuma ya kituo cha mafuta.
Jumanne, tarehe 14 Mei.

Mpendwa shemeji yangu Cheche,

Hujambo huko uliko? U mzima wa afya? Mgongo umepoa, au bado ukiinama kuokota kijiti cha kuchomelea mpaka uombe msaada wa kunyanyuka? Vipi kazi, vipi usingizi, vipi huyo mchumba unayemficha utadhani tutamla? Nakuuliza yote kwa mpigo kwa sababu wewe ukipiga simu unauliza habari za mashine kwanza, watu baadaye.

Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Mama yenu yuko salama, miguu inamuuma asubuhi, mdomo haumuumi kutwa nzima. Binti yako mkubwa (najua nimemzaa mimi, ila mwenyewe anasema ni wako) amepanda darasa na sasa anatusahihisha kila tukifungua kinywa. Mimi mikono ni rangi tupu mpaka kwenye viwiko, kama unavyonijua. Asiye mzima ni kaka yako, na ndiyo sababu ya barua hii.

Nisikilize vizuri, shemeji. Ile chupa ndogo ya dawa ya macho unayomtumia kwa mkono wa dereva wa lori, usiitume tena. Kama umeshainunua, kaa nayo. Kama umeshaifunga kwenye furushi, ifungue uitoe. Jicho lake la kushoto liko karibu kupotea kabisa, na chupa hiyo ndiyo inayolisukuma. Nimelisema mapema ili hata ukichoka kusoma hapo mbele, jambo lenyewe uwe umelipata.

Utauliza kwa nini sikupigi simu. Nyinyi wawili mkishikana kwenye simu ni vicheko tu, mimi nikija kupewa naambulia "shemeji salama, haya, baadaye." Barua haina mtu wa kunipokonya. Na anayekuletea ni dereva yuleyule anayeleta chupa, nimemwambia asikuachie mpaka aone umeifungua mbele yake.

Unaikumbuka rafu iliyo juu ya grainda, pale penye miwani iliyokatika kamba na kopo la misumari. Mahali pa dawa ya macho ni pale tangu enzi za baba yenu. Hapa karakanani mtu akija macho mekundu, yanamkwaruza kana kwamba yamejaa mchanga, hakuna anayejisumbua kuuliza. Kapigwa na mwanga wa kuchomelea, basi. Analazwa kwenye benchi, anatiwa matone, anafunikwa kitambaa cha maji baridi, na kesho yake yuko kazini anawacheka wenzake. Wewe mwenyewe umelala kwenye benchi lile mara ngapi? Kwenu mafundi jicho lina ugonjwa mmoja tu duniani, na dawa yake ni moja.

Sasa sikia ilivyokuwa. Mwaka jana, kipindi kile cha joto, kaka yako alitoka kwenye homa na vile vipele vya maji vimemjaa mdomoni, vile vinavyomtoka kila akiugua, mlivyokuwa mkimtania navyo kwamba amebusiwa na nyuki. Homa ikaisha, vipele vikakauka, jicho la kushoto likaanza kuwa jekundu. Machozi yanatiririka yenyewe. Mwanga wa mlangoni unamchoma, akawa anakula huku ameupa mlango mgongo. Akasema kuna kitu kimeingia. Nikamfunua kope, nikamulika tochi, hamna kitu. Nikamuuliza mbona ni jicho moja tu. Akanijibu eti aligeuka upande.

Mchomeleaji gani anapigwa na mwanga jicho moja, shemeji? Mwanga ukija unakuja kwa macho yote mawili, na kesho kutwa umekwenda zake. Hili lilikuwa la kushoto peke yake na halikwenda popote. Lakini nani amsikilize mpaka rangi tu kama mimi?

Akatia matone yako. Lo, wekundu ukapungua siku ileile! Kichwa kikamvimba, akawatangazia wote hapa kwamba mdogo wake anajua dawa kuliko hospitali nzima. Ukungu ukabaki kidogo kwenye jicho, akasema ni uchovu.

Likarudi. Alikuwa ameshinda juani juu ya paa la ghala akifunga mabati, na alipoteremka jicho lilikuwa limeiva. Akatia matone tena, wekundu ukapungua tena, na ukungu ukabaki, safari hii mzito zaidi. Akaacha kusoma ujumbe kwenye simu yake, akawa anampa binti yako amsomee. Mimi nikadhani anadeka. Kisha likarudi tena mwaka huu, na la ajabu ni kwamba kila likirudi maumivu yalikuwa madogo kuliko mara iliyopita. Yeye akafurahi. Anajipiga kifua kwamba jicho limezoea, limekuwa jicho la kiume.

Hapo ndipo nilipogoma. Niliweka brashi chini nikasema sipaki geti hata moja mpaka aende kliniki ya macho. Akadhani natania. Mageti yakasimama uchi pale uani, yakaanza kuota kutu, wateja wakaanza kupiga kelele, na Mama akanitazama kama nimerukwa na akili. Nilikaa kwenye kopo langu nimekunja mikono. Mwishowe akaenda, shingo upande, na mimi nikaenda naye nisije nikaletewa hadithi.

Daktari ni mwanamke mfupi, sauti yake ya chini mpaka uinamishe kichwa umsikie. Alichukua pamba, akaisokota ncha ikawa nyembamba kama uzi, akamgusa nayo jicho la kulia. Kaka yako nusura aanguke na kiti. Akamgusa la kushoto, palepale kwenye mboni. Kimya. Hakupepesa. Akamgusa tena, na mgonjwa mwenyewe akauliza, "Bado hujaanza?"

Shemeji yangu! Mtu anaguswa ndani ya jicho na hajui!

Akamwekea rangi ya manjano, akazima taa, akammulika kwa mwanga wa bluu, na akaniruhusu nitazame kwenye kioo chake cha kompyuta. Kwenye jicho la mume wangu palikuwa na mstari wa kijani umetoa matawi, na matawi yametoa vitawi, kama mizizi ya mche ulioung'oa ukiwa mchanga. Pembeni yake pana wingu jeupe. Kumbe lile wingu ndilo alilokuwa akiliita uchovu.

Nikueleze alivyotueleza. Kile kioo kiangavu cha mbele ya jicho, kinachopitisha mwanga, wao wanakiita konea. Ya kaka yako imevimba na imechimbika kidonda. Aliyechimba ni kirusi kilekile kinacholeta vipele vya mdomoni. Kikishaingia mwilini hakitoki tena, kinajificha kwenye mishipa ya fahamu na kulala. Ukipata homa, jua kali, mawazo au uchovu, kinaweza kuamka na kufuata mshipa mpaka jichoni. Kila kikiamka kinaua hisia za jicho, ndiyo maana kaka yako haumii. Na kila kikitulia kinaacha kovu.

Kisha akauliza ni dawa gani imekuwa ikitumika. Kaka yako akaitoa chupa yako kwa madaha kabisa, kama anaonyesha cheti. Daktari akasoma maandishi yake, akaiweka upande wake wa meza, mbali na mkono wa mgonjwa.

"Nani amekupa hii?"

"Mdogo wangu."

"Ni daktari?"

"Ni fundi mageti."

Siku nyingine ningecheka mpaka nilie. Daktari hakucheka. Alisema ile ni steroidi, kazi yake ni kuzima uvimbe, na ikizima uvimbe inazima pia ulinzi wa mwili. Jicho linakuwa jeupe, mgonjwa anafurahi, kumbe kirusi kimeachiwa uwanja kinachimba kinavyotaka. Kwa ugonjwa huu, kuitia peke yake bila dawa ya kuua kirusi ni kukimwagilia maji kiote.

Sikulaumu, na naomba usije ukakosa usingizi kwa neno hili. Ulituma kwa mapenzi, na ninyi nyote mmekua mkiiona chupa ile rafuni. Ila ungekuwa karibu ningekuvuta sikio kwanza, halafu ndiyo nikusamehe.

Alipewa dawa ya kupaka ndani ya kope ya chini, ya kuua kirusi, pamoja na vidonge. Miwani ya giza. Asifikiche jicho, asishike vipele vya mdomoni kisha akashika jicho, taulo lake liwe lake peke yake. Na asichomelee mpaka aruhusiwe. Hapo ndipo vita vilipoanzia, maana kaka yako bila moto mkononi ni kama mtoto aliyenyimwa kwenda kucheza. Anazunguka uani anasogeza vyuma visivyohitaji kusogezwa.

Kidonda kilifunga. Nilishukuru mpaka nikaimba. Lakini tuliporudi kliniki daktari akasema juu pamefunga ila ndani ya konea bado pamevimba, na sasa, akaandika matone ya nini? Ya steroidi! Shemeji, kaka yako aliruka. Alinigeukia palepale mbele ya daktari, ameng'aa uso mzima, eti si unaona, ni ileile, mdogo wangu alijua tangu mwanzo.

Daktari alimweleza kwa subira ambayo mimi sina. Haya ni mepesi kuliko yale, yanakwenda pamoja na vidonge vya kuzuia kirusi kisiamke, yanapunguzwa kidogo kidogo, na kila mara lazima arudi apimwe. Hayaachwi ghafla wala hayaongezwi kwa hiari. Njiani nikamkumbusha kwamba moto anaounganishia geti na moto unaoteketeza nyumba ni moto uleule, tofauti ni nani kaushika. Akanuna mpaka nyumbani.

Basi tangu hapo amekuwa akiyatazama matone ya daktari kwa dharau, eti ni maji tu. Na juzi, Cheche, usibishe, nilikuwa nyuma ya geti la mteja napaka rangi ya kuzuia kutu na nilikusikieni. Yeye hakuniona. Alikwambia umtumie ile ya zamani, ile kali. Wewe ukamjibu sijui nini, mkacheka wote wawili. Nilibaki na brashi hewani mpaka rangi ikanidondokea mguuni.

Nilitaka kutoka nimgombeze. Nikajizuia, maana nikimgombeza ataificha, na ikifichwa sitaijua. Sasa nikisikia honi ya lori natupa brashi. Nakimbilia barabarani kabla yake kama mwendawazimu, na dereva ananishangaa.

Nakuambia kinachoniogopesha. Safari ya mwisho daktari alisema kovu limekaa katikati, mahali penyewe pa kuonea. Jicho likitulia kwa muda mrefu bila kurudi, huenda siku moja wakaiondoa konea ile iliyoharibika na kumshonea iliyotolewa na mtu aliyefariki. Hiyo ndiyo njia iliyobaki. Lakini kirusi kikiamka tena chini ya dawa kama ile yako, konea inaweza kulika mpaka itoboke. Akasema, "Hapo hatutazungumzia kuona. Tutazungumzia kulibakiza jicho." Kaka yako alikuwa anatazama dirishani. Sijui kama alisikia au alijitia hamnazo.

Mambo mengine ni mazuri kidogo. Wifi yangu, dada yenu, amepata kazi ya kushona sare za wauguzi na sasa anatembea utadhani yeye ndiye anayetibu. Mashine ndogo ya kuchomelea imepona, ilikuwa waya tu. Mama ameuliza kama unakula vizuri, nikamjibu unakula, nikadanganya maana sijui.

Naiacha barua hapa, mteja anaita.

Alhamisi.

Naendelea, shemeji.

Jana nilikwenda kununua rangi, na lori likapita nikiwa sipo. Barua yangu bado iko mezani na furushi lako limeshafika mkononi mwake. Nilijua mara tu nilipoingia uani, kwa jinsi kaka yako alivyokuwa mwema. Alinipokea makopo. Alinisifia kitambaa changu cha kichwa! Nikamuuliza, dereva kaleta nini? Akasema salamu. Nikamwambia atoe. Akasema nitoe nini, mwanamke, niache nifanye kazi, mteja anataka geti lake leo. Nikapiga kelele, nakiri, mpaka watu wa kituo cha mafuta wakachungulia ukutani. Nilimwambia akitia tone moja la chupa ile asiniite tena kumshika mkono barabarani.

Akachukua kofia ya kuchomelea, ambayo hajaivaa tangu akatazwe, akaishusha usoni, akawasha moto. Nikageuka nikautazama ukuta. Nilikuwa na hasira hata machozi hayatoki.

Alipomaliza aliniita kama siku zote, "Paka!" Ni bawaba ya juu ya geti kubwa. Unajua anavyoitwa na wateja, Fundi Mstari, kwa vile ukipitisha kidole kwenye kazi yake hujui chuma kimoja kimeishia wapi. Nikaja na brashi, nikapitisha kidole kwanza, kama ninavyofanya siku zote. Kidole kikasimama.

Mstari ulikuwepo, mzuri, umenyooka. Ila umelala juu ya chuma kitupu, maana jicho moja halipimi umbali. Pembeni yake bawaba na fremu havikugusana hata kidogo, ufa uko wazi, naona magurudumu ya gari la mteja upande wa pili.

Yeye aliona tu kidole changu kimesimama. Akavua glavu, akaweka kidole chake pale nilipoweka changu, akakifuata chuma mpaka kwenye ufa, kikaingia. Akaziba jicho la kulia kwa kiganja, akatazama. Akaziba la kushoto, akatazama. Akarudia tena la kulia. Kisha akakaa chini, palepale kwenye vumbi la chuma.

"Nimechomelea hewa," akasema.

Hajawahi kumwambia mtu kwamba haoni. Si daktari, si mimi, si Mama. Na hapo, mbele ya mteja, kaka yako alilia, jicho zima na jicho bovu, yote mawili. Mteja, Mungu ambariki, akageuka akajifanya anapokea simu. Mimi nikakaa naye chini. Hasira yote iliniisha, nikabaki na huruma inayouma kuliko hasira. Nilimpenda saa ile kuliko siku aliyonioa.

Baadaye akaingiza mkono kwenye suruali ya kazi akaitoa chupa. Utepe wa kizibo ulikuwa bado haujakatwa. Akanipa, akasema, "Mrudishie. Mwambie ni mimi niliyesema, si wewe." Kisha akaniomba matone ya daktari, akajilaza mwenyewe kwenye benchi, akafumbua jicho akanisubiri.

Chupa yako imo ndani ya bahasha hii, nimeizungushia kitambaa isivunjike. Usimpe mtu mwingine.

Kliniki tunarudi Jumatatu, na safari hii ameniambia nimkumbushe, kitu ambacho sijawahi kukisikia. Jicho halijawa jekundu tena mpaka ninavyoandika. Kama litatulia, sijui. Naogopa kutumaini na natumaini hivyohivyo.

Mama anakusalimu na anakuombea asubuhi na jioni. Wifi anakusalimu. Binti yako anakusalimu na anasema ukijibu uandike kwa herufi zinazosomeka. Wasalimie wenzako kazini, na huyo unayemficha mwambie tunamsalimia hata kama hatumjui. Mungu akulinde macho na mikono, akuepushe na homa na jua kali, na ukiona jicho moja tu limekuwa jekundu, nenda ukapimwe kabla hujagusa chupa yoyote.

Jambo la mwisho. Geti bado limelazwa hapa uani na ufa wake, mteja amekubali kusubiri. Kuna mafundi wawili mtaani wamekuja kutaka kulimalizia, kaka yako amewafukuza. Hajasema uje, unajua hajui kuomba. Alichosema ni kwamba geti hilo asiliguse mtu yeyote mpaka ufike wewe.

Ni mimi shemeji yako, ninayekupenda hata ninapokugombeza,

Mpaka Rangi.